Mtu Niliyemwonea Wivu Ghalani

Vijana wangu,

Mmeniomba niwaandikie juu ya stadi za maisha zinazompeleka mtu mbele, na mkaniletea karatasi yenye orodha: kujiamini, kupanga muda, kuwasiliana vizuri, na mengineyo. Nimeisoma mara mbili. Sina ugomvi nayo, ila sijui aliyeiandika aliyaona wapi hayo aliyoyaandika, nami sina desturi ya kupokea maneno ambayo sijui yametoka kinywani mwa nani. Kwa hiyo nimeiweka kando. Nitawaandikia yale tu niliyoyaona kwa macho yangu na kuyafanya kwa mikono yangu katika maghala ya kampuni moja, yaliyokuwa katika miji ya Marekani ya Louisville, Columbus na hapa Buffalo. Na nitaanza na jambo ambalo mzee hapendi kuliandika: karibu kila stadi niliyo nayo niliipata kwa kumwonea wivu mtu mmoja.

Mtu huyo ni Ezekieli. Ninyi mnamfahamu kama msimamizi wa shifti ya mchana kwenye ghala la Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, mwenye gari safi na sauti ya upole. Mimi nilimfahamu akiwa na miaka kumi na mitatu, katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, nilipokuwa nikifundisha darasa la sita. Alikuwa wa mwisho. Kugawanya kwa njia ndefu kulimshinda kabisa, nami nilimrudisha darasa. Nilipomkuta tena ilikuwa mwaka 2014, mjini Louisville, kwenye mlango wa ghala moja karibu na Okolona. Sote wawili tulivaa buti mpya zenye ncha ya chuma, sote tukianza kazi siku hiyo hiyo, kwa cheo kile kile. Akainamisha kichwa na kuniamkia: “Shikamoo, Mwalimu.” Nikaitikia marahaba. Nakiri kwamba moyoni niliona ni haki anisalimie hivyo, na nikadhani mpangilio ule wa kambini ungeendelea.

Haukuendelea hata nusu saa.

Msimamizi wetu, Mmarekani mmoja mrefu aliyeitwa Dwayne, alitukusanya wageni wapatao kumi akatuonyesha namna ya kupanga maboksi juu ya paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo. Alisema upesi, mikono yake ikienda upesi kuliko maneno. Mwishoni akatuuliza kama tumeelewa. Tukaitikia ndiyo kwa pamoja, kama darasa. Ezekieli peke yake aliinua mkono, akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba hapana, yeye hakuelewa, na anaomba aonyeshwe tena, polepole.

Niliona aibu kwa niaba yake. Lazima niwaeleze kwa nini, maana ninyi mmekulia hapa. Kwetu, mkubwa akikuuliza kama umeelewa, hakuulizi, anakuaga. Jibu ni ndiyo. Ukisema hujaelewa, umemwambia mbele za watu kwamba hajui kueleza. Desturi hiyo sikuisikia kwa mtu, niliifundisha mwenyewe. Darasa langu la kambini lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja, wengine wamekaa chini, na nilipouliza “Mmeelewa?” mabati yalitetemeka kwa “Ndiyo, Mwalimu.” Mtoto mmoja tu alikuwa akisema hajaelewa. Nilimsimamisha ukutani zaidi ya mara moja. Alikuwa Ezekieli.

Basi siku ile Okolona, Dwayne hakumsimamisha ukutani. Alifurahi. Alirudia kila kitu, na Ezekieli akajaribu mbele yake, akakosea, akasahihishwa, akajaribu tena. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye paleti yangu, nikapanga maboksi ya sabuni ya nywele kwa mistari iliyonyooka, boksi juu ya boksi, pembe kwa pembe, kazi ya kupendeza kuitazama. Foklifti, lile gari la uma la kunyanyulia mizigo, ilipoinua ile paleti na kukata kona, mistari yangu yote ikaachana kama wanafunzi wanaosikia kengele. Sabuni ilimwagika mpaka mlango wa jirani. Tulipiga deki kwa muda mrefu, na povu lilizidi kila tulipoongeza maji. Aliyeshika ufagio upande wa pili, bila kuambiwa na mtu, alikuwa Ezekieli.

Hapa chukueni somo la mikono, kwa kuwa najua baadhi yenu mtaanzia huko. Maboksi hupangwa kama matofali: la juu likalie mshono wa mawili ya chini. Mazito chini, mepesi juu, lebo zikitazama nje ili skana, ile mashine ya kusoma lebo, izione. Plastiki ya kuzungushia huanzia kwenye mguu wa paleti, si kwenye boksi. Funga kwanza fundo kwenye ubao, zungusha mara tatu chini, ndipo upande. Mtu anayeanzia juu anafunga zawadi, hafungi mzigo. Haya yote Dwayne aliyaeleza siku ile ya kwanza, nami sikuyasikia, kwa kuwa nilikuwa nimeshughulika kuonekana nimeelewa.

Paleti za Ezekieli zilisimama. Zangu ziliyumba kwa majuma matatu. Wivu ulianzia hapo, kwenye jambo dogo kama boksi.

Baadaye ulikua. Ezekieli alijifunza kuendesha gari ndani ya mwaka mmoja, akawa anatupitia sisi wanne asubuhi, nami nikawa nakaa kiti cha nyuma cha gari la mwanafunzi wangu, magoti kidevuni. Alifika robo saa kabla ya kazi kila siku. Nilimwuliza kwa ukali kwa nini tunawahi hivyo, akasema, “Mwalimu, nikifika mapema nina nafasi ya kuuliza. Nikifika kwa wakati, nina nafasi ya kufanya tu.” 

Jumapili moja alinialika kwake kula. Binti yake, wa miaka kumi na mmoja hivi, aliketi naye mezani. Ezekieli alikuwa akiandika barua fupi ya kuomba nafasi ya kusomea foklifti. Akamwambia mtoto amsahihishe. Mtoto akachukua kalamu, akakata mstari mzima wa baba yake, akacheka, akamweleza kwa Kiingereza mahali alipokosea. Baba naye akacheka, akaandika upya. Nilisimamisha kijiko hewani. Nyumbani kwangu mtoto hakuthubutu kugusa sentensi yangu. Nilirudi nikiwaambia watu kwamba Ezekieli hana heshima ya ubaba nyumbani kwake. Nikaendelea kuandika Kiingereza changu cha vitabuni, chenye makosa yale yale, kwa miaka miwili zaidi.

Sasa nafika kwenye kosa langu, nami nitaliandika bila kulipamba.

Ilitangazwa nafasi ya kiongozi wa mlango wa kupakia. Kiongozi huvaa fulana ya njano na huhakikisha kila paleti imepigwa skana kabla ya mlango wa trela kufungwa. Ezekieli alikuwa ameishika nafasi hiyo kwa majaribio, na kila mtu alijua angethibitishwa. Ndipo trela moja ikafika inakokwenda ikiwa na paleti isiyo yake. Wakati wa chakula cha mchana, mtu mmoja mezani alisema kwamba amesikia Ezekieli alifunga mlango bila kupiga skana. Hakusema kasikia kwa nani. Mnajua tabia yangu. Darasani nilimfukuza nje mtoto yeyote aliyeanza sentensi kwa “wanasema”. Nilikuwa nikiuliza: nani? Ulimwona? Ulikuwa umesimama wapi? Siku hiyo, mezani pale, sikuuliza. Niliendelea kutafuna.

Alasiri Dwayne aliniita ofisini. Mbele yake palikuwa na fomu. Alinieleza habari za trela ile, kisha akaniuliza kama mimi, niliyekuwa karibu na mlango ule, nilimwona Ezekieli akiufunga bila kupiga skana.

Nilikuwa karibu, ni kweli. Lakini nilikuwa nimegeuka, nikifunga plastiki. Sikuona chochote.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba ilikuwa ile desturi, kwamba mkubwa akiuliza jibu ni ndiyo, na kwamba Kiingereza chake kilikuwa cha haraka. Uongo. Nilielewa kila neno. Ulikuwa wivu, vijana wangu, na ulitumia desturi yangu kama koti la kujifunika. Nikatia saini pale aliponionyesha.

Ezekieli alirudishwa kwenye mstari wa kupanga maboksi, na maandishi yale yakaingia kwenye faili lake. Fulana ya njano nikavikwa mimi. Asubuhi iliyofuata alinipitia kama kawaida. Mle garini alinipongeza, na safari hii aliwaomba wenzetu wanipishe kiti cha mbele. Nilikaa kiti cha mbele, nikatazama nje ya dirisha njia nzima.

Niliivaa fulana ile kwa miezi minne. Ulipoletwa mtambo mpya wa skana, mwalimu wa kampuni alikuja, akaeleza, akauliza kama nimeelewa. Mnajua nilichojibu. Milango ikaanza kusongamana. Wafanyakazi walikuwa wakinijia, nami nilikuwa nikikunja uso na kuwaambia wasubiri; baada ya muda wakaacha kunijia, wakawa wanakwenda kwa Ezekieli kule kwenye mstari, naye akiwaelekeza kisha akiwaambia, nilisikia kwa masikio yangu, “Nendeni mkamwambie Mwalimu, yeye ndiye kiongozi.” Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama adabu ile. Nikaomba uhamisho kwenda ghala la Columbus. Watu niliwaambia nina shemeji huko. Shemeji nilikuwa naye kweli. Lakini siye aliyekuwa sababu.

Columbus nilianza upya chini kabisa, na aliyepewa kazi ya kunifundisha foklifti alikuwa mama mmoja Mkongomani wa milima ya Kivu Kusini, Mama Solange, mfupi, mwenye kitambaa kichwani na jicho la hakimu. Hakuwahi kumaliza shule ya msingi. Alinieleza usukani, breki, na namna ya kuinamisha uma kabla ya kuinua mzigo. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Akazima mashine, akachomoa ufunguo, akauweka kwenye mfuko wa aproni yake.

“Papa Mwalimu,” akasema, “uko nasema yes, yes, tangu asubuhi, na hii kichwa iko tupu kama ndoo. Bon. Nirudilie vile nimesema.”

Nilijaribu. Nikakwama kwenye breki.

“Donc, haujaelewa. Sema tu: sijaelewa.”

Wanaume watatu walikuwa wakitutazama. Nilikuwa na miaka sitini. Nilisema nina uzoefu wa kutosha, na kwamba ninahitaji muda kidogo tu.

“Uzoefu wa nini? Wa chaki? Sema, papa. Hautakufa. Ukikufa, mimi nitakuzika.”

Wale watatu walicheka. Nikasema, kwa sauti ya chini, kwamba sijaelewa. Akarudishia ufunguo mahali pake, akaanza tena tangu mwanzo, na sijawahi kufundishwa vizuri namna ile maishani mwangu. Alikuwa akinilazimisha nirudie kwa maneno yangu, kisha kwa mikono yangu, kisha nimfundishe yeye kana kwamba yeye ndiye mgeni. Nilikaa darasani miaka ishirini na mbili nikishika chaki, na njia hiyo sikuijua. Nilipofaulu mtihani alinipa kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye karatasi, akasema hiyo ndiyo diploma.

Tangu hapo nikawa kama mtu aliyefunguliwa pingu. Binti yangu mkubwa alinifundisha kuendesha gari, akinikaripia kwa Kiingereza kila taa, nami nikimtii. Mwanangu alianza kunikatia mistari kwenye barua zangu. Nilifika robo saa kabla ya kazi, nikauliza. Kila nilipofanya mojawapo ya mambo haya nilijua nimeyatoa kwa nani, na badala ya kumshukuru nilizidi kumchukia kidogo, kwa kuwa nilikuwa nachuma shamba la mtu niliyemchomea nyumba.

Nilifanya vizuri. Mwaka 2018 ghala la Buffalo lilipohitaji viongozi wa milango, niliteuliwa, nikahamia huku na familia. Fulana ya njano safari hii niliistahili. Nilitaka kustaafu nayo; zilikuwa zimebaki kama miezi kumi.

Miezi miwili baadaye meneja wa Cheektowaga, mwanamke makini asiyepoteza maneno, aliniita. Walikuwa wanatafuta msimamizi wa shifti nzima ya mchana, na mmoja wa walioomba alitoka Louisville. Alikuwa Ezekieli. Barua zake zote zilikuwa nzuri, isipokuwa karatasi moja kwenye faili: kufunga mlango bila kupiga skana, kama alivyoshuhudia mfanyakazi mwenzake. Kwa nafasi kama ile, kosa kama lile lilitosha kumkatalia. Chini ya karatasi palikuwa na saini yangu. Akaniuliza kama nasimama na ushahidi wangu.

Niwaambieni nilichokifikiria, kwa sababu hamtakisoma kwenye orodha yoyote. Sikufikiria haki. Nilifikiria kwamba nikikubali tena, sitamwona. Nikikataa, nitakuwa nimekiri kwamba nilitia saini uongo, na kisha atakuja kuwa mkubwa wangu, mtoto niliyemsimamisha ukutani, na atakuwa bora kuliko mimi mbele ya macho yangu kila siku mpaka nistaafu. Nilijua hakika kwamba atakuwa bora. Hilo nililiona mwenyewe, sikuhadithiwa.

Meneja alirudia swali, akaniuliza kama nimelielewa.

Nikamwambia nimelielewa. Kisha nikamwambia kwamba sikuona. Kwamba nilikuwa nimegeuka, kwamba nilichokuwa nacho ni maneno ya mezani, na kwamba nilitia saini kwa kuwa niliitaka nafasi ile. Akaandika. Akanieleza kwamba jambo hili lina matokeo. Nikasema nalijua hilo pia.

Nilivuliwa uongozi. Nilipewa onyo la maandishi na kurudishwa kwenye mstari, kufunga plastiki, na hapo ndipo nilipomalizia miezi yangu ya mwisho kazini. Ezekieli alipata nafasi. Hamkuwahi kuambiwa kwa nini mzee wenu alikwenda kazini na fulana ya njano akarudi bila hiyo, na najua mmesikia mengi. Sasa mmesikia kwa mwenyewe.

Siku aliyoripoti alinitafuta mpaka akanipata nyuma ya mlango wa saba, nikiwa nimeinama na plastiki. Akaniamkia vile vile. Alikuwa ameambiwa tu kwamba karatasi ile imefutwa. Hakuambiwa imefutwa kwa neno la nani. Nikasimama wima kadiri mgongo ulivyoniruhusu, nikamweleza yote, tangu mezani mpaka ofisini kwa Dwayne. Sikumwomba asamehe. Niliona ningemtwisha kazi nyingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia.

“Kwa hiyo, Mwalimu, siku ile nilipiga skana?”

Nikamwambia sijui. Sikuona. Lakini hakuna aliyewahi kuona vinginevyo, na trela ile ilipakiwa na watu wengi.

“Mimi nilikumbuka kwamba nilipiga,” akasema. “Nilikumbuka vizuri kabisa. Lakini Dwayne aliponionyesha jina lako, nilijiambia kwamba nimesahau. Mwalimu hawezi kusema asichokiona. Basi nikajua kichwa changu si cha kuaminika.” Akatazama mikono yake. “Tangu siku hiyo kila paleti naipiga mara mbili.”

Miaka miwili. Ndiyo sababu, kama nilivyokuja kusoma baadaye kwenye barua za Louisville, hakuna mzigo wake hata mmoja uliopotea, na ndiyo sifa iliyomleta Buffalo. Ningependa kuwaambia kwamba wakati ule nilijisikia mwepesi. Nilimwonea wivu. Alikuwa amechukua uongo wangu akaugeuza stadi, wakati mimi nilikuwa nimechukua ukweli wake nikaugeuza uongo.

Nikamwambia, “Ezekieli, kichwa chako ni kizima. Kilikuwa kizima hata darasa la sita.”

 Akasema asante, Mwalimu, na kwamba trela ya mlango wa tisa inamsubiri. Akaenda. Nilirudi kwenye plastiki yangu, nikasikia skana yake ikilia upande wa pili wa maboksi. Niliacha kuzungusha, nikasubiri, nikitamani isirudie.

Ikalia tena.